Mwalimu, mbona sisi hatukufa?

"Mwalimu, niulize kwa Kiswahili?"

Kila anayefundisha baiolojia kidato cha kwanza huku Newala, kusini mwa Tanzania, ameshaombwa ruhusa hiyo. Somo ni la Kiingereza, lakini maswali yenye uzito huja kwa Kiswahili. Nikamwambia aulize. Ilikuwa Machi 2022, mada yetu kinga ya mwili, na darasa lilikuwa bado linanuka rangi. Juu ya mlango fundi alikuwa ameandika kwamba chumba kile kimejengwa kwa fedha za UVIKO-19. Ni ule mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi trilioni 1.3, ambao sehemu yake ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima. Watoto hawakuhangaika na maelezo yote hayo. Walikuwa wanasema tu, "Leo tuko korona, mwalimu," yaani lile darasa jipya.

Yule binti akasimama, akaweka sketi yake sawa, akasema: "Wazungu walijifungia ndani, wakachanja, wakafa. Sisi hatukuchanja, tukaenda mnadani, tukaenda ngomani, tukaenda misibani. Mbona sisi hatukufa?"

Darasa zima likashangilia kama vile timu yetu imefunga goli. Na mimi nikacheka. Kisha nikaangalia saa, nikasema tutaliendea kipindi kijacho. Janja ya walimu wote duniani.

Swali lenyewe halikuwa la kitoto. Mwaka 2020 watu wenye shahada kubwa kuliko yangu walitabiri kwamba Afrika itaokota maiti barabarani. Hawakuziokota. Ila kuna neno moja katika swali la yule binti lililonikaa kooni siku ile hadi jioni, nalo ni "sisi".

Maana mjomba wangu hakuwemo kwenye hiyo "sisi".

Ilikuwa Januari 2021, mwisho mwisho wa korosho. Takwimu za taifa zilikuwa zimesimama tangu Mei 2020, wagonjwa 509 na vifo 21, na Juni ya mwaka huohuo tukaambiwa ugonjwa umekwisha. Kwa hiyo Januari ile hapakuwa na korona. Palikuwa na "changamoto ya upumuaji", na palikuwa na nimonia, nimonia nyingi ajabu kwa msimu ule. Mjomba alikuwa na miaka 63 na sukari ya siku nyingi. Alianza kwa kumgombeza mkewe kwamba samaki mkavu aliyemletea hanuki wala hana ladha. Mama mkubwa wangu mmoja akauliza kwa mshangao, "Samaki mkavu gani asiyenuka?" Tulicheka pale jikoni. Sasa hivi nikikumbuka kicheko kile natamani mtu angekuwa ametufunga midomo.

Tukampigia nyungu. Sufuria kubwa ile ya shughulini, ndani mwarobaini, mkaratusi, mchaichai na ndimu zilizokatwa na maganda yake. Mimi ndiye niliyeshika ncha za blanketi zisifunguke. Mvuke ulikuwa unanichoma vidole, na kwa ndani nasikia pumzi yake inakwaruza kama msasa kwenye ubao. Alipotoka jasho linamtiririka hadi kwenye nyusi, macho mekundu, akanyoosha kidole juu akasema, "Nimewaua wote." Na kweli jioni ile alikula. Siku ya nne tukamkimbiza hospitali, akawekewa mtungi wa gesi, akafariki alfajiri. Cheti kiliandika nimonia. Sina ugomvi na aliyeandika, aliandika alichoruhusiwa kukijua.

Wiki ile nilishika jembe makaburini mara tatu.

Na mimi niliumwa. Nililala naye chumba kimoja, ingekuwaje nisiumwe? Siku tatu za homa, mgongo kama nimebeba gunia la korosho kutoka shamba mpaka ghalani, harufu ya sabuni ikapotea karibu mwezi mzima. Nikapona bila kupimwa. Kwa lugha ya kitabu, nilikuwa nimepata kinga ya asili. Kwa lugha ya nyumbani nilikuwa nimepona, basi.

Mtu aliyenifundisha kufikiri juu ya kinga ni bibi yangu, mama yake mjomba huyohuyo. Alimzika mwanawe, naye, mwanamke wa miaka themanini au zaidi, alipata mafua ya siku mbili akarudi kupukuchua mbaazi. Nilimuuliza anadhani kwa nini. Hakusita.

"Mwili wa ntu una akili," alisema. Bibi hajawahi kuisumbukia "m" ya mtu, kama ambavyo Mtwara, mji mkuu wa mkoa wetu, kwake ni Ntwara. "Ugonjwa ukija ukakupiga ukakuacha, mwili umeshaujua sura. Siku nyingine unaukatalia mlangoni. Mimi nilishaumwa mkubwa kuliko huu."

Huo mkubwa aliumwa akiwa msichana mdogo, mwaka 1952 au 1953. Anasimulia kwamba watu waliamka asubuhi wakiwa wazima, na kufikia jioni hawawezi kusimama wima. Homa, upele, lakini zaidi ya yote viungo. Vifundo vya miguu, magoti, viwiko. Mama yake alishindwa kushika mchi, kinu kikakaa uani siku kadhaa bila kutwanga kitu. Watu wazima walikwenda chooni wakiwa wameinama kama wanatafuta sindano. Kaya nzima, kisha kaya ya pili, kisha kijiji. Kimakonde kikaupa jina kutokana na huko kujikunja, na jina hilo ndilo dunia nzima inalitumia mpaka leo: chikungunya. Watu wa India na Brazil wanaumwa ugonjwa wenye jina la nyumbani kwetu, na wengi wao hata hawajui Newala iko upande gani wa bahari.

Waliouandika ni madaktari Marion Robinson na W. H. R. Lumsden, mwaka 1955, na mwenzao R. W. Ross ndiye aliyevitoa virusi vyenyewe kwenye damu ya mgonjwa. Katika maandishi yao unaitwa mlipuko wa Newala. Lumsden aliangalia jambo ambalo kila aliyekulia juu ya uwanda huu angemwonyesha bure: maji. Sisi tumekaa juu, maji yako chini. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaona bonde linavyoporomoka kuelekea Ruvuma, na Msumbiji ng'ambo, ndipo unaelewa maana ya kufuata maji. Bibi anasema waliondoka kwenda kuteka maji na jogoo la kwanza. Maji ya namna hiyo humwagi. Unayatunza ndani kwenye mitungi, siku nyingi, na mbu anayependa mtungi wa ndani ya nyumba ndiye huyohuyo anayebeba virusi hivi. Kiu yetu ndiyo iliyotulisha kwa mbu.

Turudi kwa bibi. Kwa ugonjwa ule, yuko sahihi. Ukishaumwa chikungunya mara moja, kinachojulikana ni kwamba mwili hauisahau kwa miongo mingi, pengine maisha yote. Mwaka 2004 ulipoingia Lamu, uchunguzi wa damu baadaye ulionyesha kama robo tatu ya wakazi wameambukizwa. Ukavuka bahari hadi kisiwa cha Réunion, mwaka 2005 na 2006 wakaumwa kama watu 266,000, theluthi moja ya kisiwa. Kisha ukatulia. Ukarudi kwa nguvu mwaka 2025, wakati kisiwa kina kizazi kipya kilichozaliwa baada ya ule wa kwanza, pamoja na wale uliowaruka mara ya kwanza. Kinga ile ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa ya walioumwa tu. Mtoto hazaliwi na kumbukumbu za bibi yake.

Nikamchokoza. "Na malaria je, bibi? Si unaumwa kila mwaka?"

"Aa, malaria si ugonjwa," akasema. "Malaria ni mpangaji."

Nimefundisha mada ya kinga kwa miaka kadhaa na sijawahi kuifafanua malaria vizuri namna hiyo. Mpangaji unamzoea. Mtoto chini ya miaka mitano anaweza kuuawa naye, mkubwa aliyekulia naye anaumwa kichwa, anameza dawa, anakwenda shamba. Lakini mtu huyohuyo akiishi miaka mingi ughaibuni kisha akarudi likizo, mpangaji hamjui tena, anamshika vibaya. Kinga ya malaria hudumu kwa kukumbushwa. Surua ni habari nyingine kabisa. Mwaka 1846 daktari kijana wa Denmark, Peter Ludwig Panum, alikwenda visiwa vya Faroe kulikozuka surua, watu kama 6,000 wakaugua kati ya 7,800 hivi. Wazee waliokuwa wameugua surua mwaka 1781, miaka 65 nyuma, hawakuguswa. Na mafua, mafua kila mtu anayajua: yanarudi kila mwaka yamevaa nguo nyingine.

Kwa hiyo hata bila kitabu, mtu wa Newala anajua kwamba neno kinga si kitu kimoja. Kosa la bibi, na la wengi wetu mwaka 2021, lilikuwa kuipa korona tabia ya chikungunya, kumbe tabia zake ni za mafua.

Kipindi kilichofuata nilianza na umri. Nikawauliza wangapi nyumbani kwao kuna mtu wa miaka 65 au zaidi. Mikono michache. Katika Tanzania watu wa umri huo hawafiki 5 kati ya kila 100, Italia wanapita 20. Korona iliua wazee kuliko wote, na taifa ambalo zaidi ya nusu yake ni watoto na vijana lina wachache wa kuuawa na ugonjwa wa namna hiyo. Nikaongeza kwamba sisi maisha yetu ni ya nje, barazani, chini ya mkorosho, dirisha halina kioo. Hilo nalo lilisaidia kiasi chake, ingawa siwezi kusema kiasi gani.

Halafu nikawaambia jambo lililowanyamazisha: sisi tuliumwa. Karibu wote. Shirika la Afya Duniani lilikusanya tafiti za damu kutoka nchi nyingi za Afrika. Katikati ya 2020 waliokuwa na kingamwili za korona, yaani askari wa damu ambao mwili huwaunda ukishakutana na kirusi, walikuwa kama 3 kati ya 100. Kufikia Septemba 2021 walikuwa 65. Shirika likakadiria kwamba maambukizi halisi yalikuwa mara 97 ya yale yaliyoripotiwa. Gauteng, kule Afrika Kusini, kabla tu Omicron, korona iliyobadilika sura, haijawapanda, asilimia 73 ya watu waliopimwa walikuwa na kingamwili, na hata wale ambao hawakuchanja kabisa walifika 68. Omicron ilipofika, maambukizi yalipanda kama moshi lakini vifo havikupanda kwa kiwango cha mawimbi ya nyuma. Hiyo ndiyo kinga ya asili inafanya kazi, na anayesema haipo anakataa kitu kilichopimwa.

Hapa nina ugomvi wangu mdogo na waliokuja kutuhubiria chanjo mwishoni mwa 2021. Walizungumza kana kwamba damu yetu ilikuwa ubao mtupu unaosubiri chaki. Mtu aliyeshika blanketi la nyungu, aliyepoteza harufu ya sabuni mwezi mzima, unamwambia hana kinga yoyote? Anakuona mwongo, na akishakuona mwongo kwa hilo hasikii tena la pili, ambalo ni la kweli. Wangeanza na "tunajua mmeumwa" wangepata wasikilizaji.

La pili ndilo hili. Manaus, Brazil, mji wa katikati ya msitu wa Amazon. Watafiti walikadiria kwamba kufikia Oktoba 2020 asilimia 76 ya wakazi walikuwa wameshaambukizwa. Wengi waliamini mji ule umemaliza, umelipa deni lote. Januari 2021, mwezi uleule mjomba alipokuwa anasema samaki hanuki, hospitali za Manaus ziliishiwa oksijeni, ndugu wakawa wanapanga foleni na mitungi mabegani kutafuta pa kujaza. Kilikuwa kirusi kilichobadilika, kile kilichokuja kuitwa Gamma, na kingamwili za mwaka uliotangulia zilikuwa zimeshapungua.

Nikachora ubaoni. Kingamwili ni walinzi wa getini, wanachoka baada ya miezi, na kirusi kikibadilisha shati wanakipitisha. Ndani kuna seli T, hizi ni wazee wa mji, hawazuii mgeni kuingia lakini wakimtambua wanammaliza kabla hajafika chumbani. Watu walioumwa SARS, ugonjwa wa kirusi ndugu wa hiki cha korona, mwaka 2003 walikutwa bado wana seli T zinazoikumbuka baada ya miaka 17. Ndiyo maana aliyekwisha kuumwa anaweza kuambukizwa tena na asife. Mwenyewe nadhani niliumwa tena Desemba 2021, kikohozi cha siku mbili, nikaingia darasani kama kawaida. Chanjo inawaonyesha wazee wa mji picha ya mwizi kabla mwizi hajaja. Nyungu haiwaonyeshi kitu. Inazibua pua, na hilo si dogo ukiwa na pua iliyoziba, ila tusiipe cheo kisicho chake.

Kijana mmoja wa mbele akasema, "Kwa hiyo mwalimu, kuumwa na kuchanja ni kitu kimoja."

Karibu. Tofauti ni ada. Anayechanja analipa maumivu ya mkono na homa ya siku moja, na madhara makubwa ni ya watu wachache mno. Anayeipata kinga kwa kuumwa hajui ada yake mpaka siku ya kulipa. Mimi nililipa siku tatu. Mjomba akalipa yote. Ukikutana na waliopona tu, utasema bei ni ndogo, kwa sababu waliolipa bei kubwa hawaji mnadani kukusimulia.

Na sisi hatukuhesabu. Lusaka walijaribu: kati ya Juni na Septemba 2020 watafiti walipima maiti 364 kwenye chumba cha maiti cha hospitali kubwa, wakakuta korona kwa 58. Wengi walikuwa wamefia majumbani, na ni wachache tu kati yao waliokuwa wamepimwa wakiwa hai. Hapo ni Zambia, majirani zetu, na ni mwaka wa kwanza tu. Sijui tungekuta nini huku kama mtu angepita na kijiti cha kupimia.

Chanjo zilifika nchini Julai 2021, zaidi ya dozi milioni moja za Johnson & Johnson, Rais Samia akachanjwa hadharani tarehe 28. Huku kwetu mwaka ule waliokwenda kituoni walikuwa watumishi na watu wa safari. Kilichobadilisha mambo ni pale wahudumu walipoanza kupita nyumba kwa nyumba, na kwenye vyama vya msingi wakati watu wanasubiri malipo ya korosho. Bibi alichanjwa 2022 kwenye mkeka wake, akiwa ameshika ungo. Siwezi kudai hoja zangu za seli T zilimgusa. Muuguzi alimsalimia vizuri, akataja jina la ukoo wake, bibi akagundua kwamba ni mjukuu wa mwanamke waliyekuwa wanafuata naye maji. Akakunja shuka, akatoa bega. "Nichome basi, mwanangu. Lakini ujue mimi nilishaumwa mkubwa kuliko huu."

Mwisho wa kipindi kile niliwapa kazi ya nyumbani ambayo haimo kwenye mtaala wowote. Waulize wazazi: kati ya Januari na Machi 2021, nani alifariki kwenye ukoo, alikuwa na umri gani, alianza kuumwa nini. Niliwaonya kwamba majibu hayatathibitisha kitu. Watu hufa kila mwaka, na kifua ni kifua. Mzazi mmoja alinipigia simu usiku kuuliza ninatafuta nini. Nikamweleza. Akanyamaza, kisha akasema mama yake pia, tarehe 9 Februari, akakata.

Asubuhi karatasi zikaja, nyingine zimechanwa kwenye daftari la hesabu. Yule binti wa swali alisubiri wenzake watoke. Karatasi yake ilikuwa tupu, amekunja mara nne.

"Nyumbani wamesema bibi alikufa kwa nimonia," akasema. "Siyo korona. Sasa niandike, au nisiandike?"

"Alianza na nini?"

Akafikiri. "Alikuwa anasema uji wangu hauna harufu. Nikadhani ananitania."

Nikampa kalamu. Akakaa dawati la mbele, akauliza tarehe ya mwezi aweke wapi, juu au chini ya jina.